Mbona Hampigi?

Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wangu ni na swali. Swali lenyewe ni neno moja tu: anakupiga?

Binti akirudi kwao na mtoto mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, hilo ndilo la kwanza kuulizwa. Mama analiuliza, shangazi analiuliza, mjumbe analiuliza, shehe na mchungaji nao wanaliuliza. Binti akijibu "hapana", mabega ya kila mtu yanashuka. Alhamdulillahi. Chai inaletwa. Kilichobaki ni kumtafutia nauli ya kumrudisha.

Silidharau swali hili. Watu wamelihangaikia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, ilitamka kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na ilitamka hivyo wakati ambao wengi waliona kofi la mume ni sehemu ya mapenzi. Waandishi wa habari wanawake walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, moja ya kazi walizojitwika ilikuwa kukitoa kipigo chumbani na kukileta gazetini na hewani. Kwa hiyo swali tumelirithi kwa jasho la watu. Kosa letu ni kuishia hapo.

Niruhusu nikuchoree mwanamke mmoja. Si mtu mmoja hasa. Nimemkusanya kutoka kwa wengi, kipande hapa, kipande pale, ili asitambulike yeyote. Ukijiona ndani yake, basi ujue kuna wenzako.

Ana miaka ishirini na mitatu. Mtoto wake ana miezi tisa na ameanza kutambaa. Kabla ya kuolewa alikuwa akisuka saluni, hela yake ndogo lakini yake, na kila Ijumaa alitoa elfu mbili ya mchezo na wenzake. Mume alimpendea hapo hapo saluni. Alikuwa akija kumchukua jioni, mvua isimnyeshee. Wenzake wakamwonea wivu. Mimba ilipoingia, mume akasema kazi ya kusimama kutwa itamchosha, aache, yeye yupo. Akaacha. Nani angekataa? Halafu shoga yake wa saluni akaonekana ana mdomo. Halafu simu yake ikavunjika, akaletewa mpya, nzuri kuliko ya zamani, ila laini imesajiliwa kwa kidole cha mume. Tangu hapo mama yake akimtumia elfu kumi ya maziwa ya mtoto, ujumbe wa muamala anausoma mume kwanza.

Hapo hakuna hata siku moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole aseme, siku hii ndiyo aliyoonewa. Kila hatua ilikuja na sababu yake, na kila sababu ilifanana na mapenzi.

Sasa twende naye kliniki. Ni siku ya kupima uzito, kinamama wamejaa kwenye benchi, watoto wananing'inizwa mmoja mmoja kwenye mzani. Simu yake inaita, ni ya video. Anapokea kabla haijaita mara ya pili. Mume hasemi neno baya. Anataka tu aone. Basi anageuza simu taratibu: ukuta wenye bango la chanjo, benchi, muuguzi, kadi ya kliniki yenye tarehe ya leo. "Na huyo mwanaume nyuma yako?" Ni baba wa mtoto mwingine, kamsindikiza mkewe. Anaeleza. Anaeleza tena. Kinamama wa jirani wanacheka: "Shoga, wewe unapendwa!" Naye anacheka. Jasho limemlowanisha mgongo wa gauni.

Jioni kuna daftari. Asubuhi aliachiwa elfu tano ya matumizi. Mkaa elfu moja na mia tano, dagaa elfu moja, nyanya na kitunguu elfu moja, unga elfu moja na mia tatu. Mia mbili haionekani. Alimnunulia mtoto andazi, kasahau kuandika. Mume hapigi kelele, maana si mtu wa kelele. Anafunga daftari, anakunja mkeka wa chakula, na wiki nzima hamsemeshi mkewe. Akiwa na la kusema anamwambia mtoto. Mtoto wa miezi tisa! "Mwambie mama yako chumvi imezidi." "Mwambie mama yako nguo zangu hazijanyooka." Mtoto anacheka kwa sababu baba anazungumza naye. Mke naye anajikuta akijibu kwa njia hiyo hiyo, "Mwambie baba yako nisamehe," ilhali hajui la kuombea msamaha ni andazi au ni yeye mwenyewe.

Huyo mume, nje, ni mtu wa watu. Msiba ukitokea ndiye anayeshika daftari la michango. Mtaani wanamsifu hanywi, hachezi kamari, jioni yuko kwake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, nayo kata haina pa kusemea.

Siku moja mke akajipa moyo akaenda kwao. Kikao kikakaa, shangazi yake mkubwa akakiongoza, mama mwenye hekima zake ambaye kasuluhisha nyumba nyingi. Akamuuliza, mwanangu, anakupiga? Hapana, shangazi. Ana mwanamke nje? Simjui. Analeta chakula? Analeta. Kodi analipa? Analipa. Shangazi akashusha pumzi. "Basi, mwanangu, wewe unataka nini?"

Hilo la mwisho halina jibu. Aseme nini mbele ya wazee? Kwamba mume alifunga daftari? Kwamba alipiga simu kliniki? Kila jambo, likitajwa peke yake, ni dogo, na mwenye kulitaja anaonekana mtoto. Akanyamaza. Wazee wakauona ukimya ule wakausifu: binti ana adabu, binti mvumilivu. Akarudishwa kwake na kilo mbili za mchele na maneno ya kumtaka amshukuru Mungu. Mume alipata taarifa za kikao kile kabla mkewe hajateremka kwenye daladala. Kuanzia hapo, kwenda kwao ikawa ni kwa ruhusa.

Shangazi yule si mtu mbaya. Alitumia maswali aliyopewa na yeye alipokuwa mwali. Ndani ya unyago tunafundisha mengi, na kwenye kitchen party tunachanga hadi friji, lakini sijawahi kusikia kungwi akimwambia mwali: ukiona unaomba ruhusa ya kuzungumza na mama yako mzazi, njoo uniambie. Wapo wanaosema hayo, bila shaka, mimi sijawasikia.

Na kuna watu nchini hapa wenye maswali mazuri zaidi ya yetu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya utafiti wa demografia na afya kila baada ya miaka kadhaa, wa karibuni ni wa 2022, na humo wanawake huulizwa habari za ukatili wa majumbani. Mbali na kipigo, wanaulizwa: je, mumeo hukasirika ukizungumza na wanaume wengine? Hukushutumu mara kwa mara kwamba si mwaminifu? Hukukataza kukutana na marafiki zako wa kike? Hujaribu kukutenga na ndugu zako? Hung'ang'ania kujua uliko kila wakati? Wanaendelea: amewahi kukudhalilisha mbele za watu, kukutishia wewe au mtu wako, kukutukana au kukufanya ujione hufai?

Tazama pia namna wanavyouliza. Katika nyumba moja anachaguliwa mwanamke mmoja tu, ili habari zisizunguke ndani ya familia. Wanahakikisha yuko peke yake. Mtu akitokea, mahojiano hayo yanasimama, yanageuzwa mada nyingine. Mgeni mwenye kishikwambi, ambaye hamjui binti na hatamwona tena, anachukua tahadhari ambayo sisi ndugu zake hatukuichukua. Sisi tulimuuliza sebuleni, mbele ya mjomba, na mlango wazi.

Nije kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi wanapotishwa kwa uongo.

Tanzania Bara hatuna sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani. Wenzetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, walipitisha yao mwaka 2015, na ndani ya maana ya ukatili wakaweka manyanyaso ya kihisia, ya kiuchumi, na jambo ambalo lilinifurahisha nilipolisoma: kuingiliwa na wakwe. Anayejua mawifi anajua kwa nini. Uganda walikuwa wametangulia mwaka 2010. Uingereza nayo, mwaka huo huo wa 2015, iliifanya tabia ya kumtawala na kumbana mwenza kuwa kosa la jinai, adhabu yake hadi miaka mitano jela.

Lakini tusijidharau. Sheria yetu ile ile ya 1971, katika kifungu cha 107, inapotaja mambo ambayo mahakama inaweza kuyakubali kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, inataja ukatili, nayo inafafanua: uwe wa akili au wa mwili, umfikie mwenzi au watoto. Wa akili umetajwa kwanza. Zaidi ya miaka hamsini maneno hayo yamekaa pale, na bado kwenye vikao vyetu tunauliza alama ziko wapi.

Binti wetu hajui hayo. Anachojua ni alichoambiwa na mumewe. Kaambiwa hivi: "Ukitoka, mtoto unamwacha." Si kweli kwamba baba anaamua hilo peke yake. Kifungu cha 125 kinaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, nami sikwambii kwamba mama hashindwi kamwe. Nakwambia mwenye neno la mwisho ni mahakama, na kitu cha kwanza inachotazama ni masilahi ya mtoto.

Kaambiwa pia: "Hapa huna chako, hukuja na kijiko." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani, yaani kupika, kufua, kulea, ni mchango katika mali ya wanandoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu siku ile, maana mahakama ilimwona amekwisha kuitapanya hela aliyopewa kwa mradi wa familia. Wanasheria bado wanabishana kama alitendewa haki kwa hilo. Lakini wanawake waliokuja baada yake wameingia mahakamani wakiwa na jina lake mdomoni. Na nyumba ya familia, hata ikiwa na jina la mume peke yake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa hakimruhusu kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mke.

Na lile la "mimi ndiye ninayekulisha"? Kumtunza mke kwa kadiri ya uwezo ni wajibu wa mume kisheria, kifungu cha 63. Kwa Waislamu wajibu huo ni wa zamani kuliko sheria yoyote ya Bunge, na mali ya mke ni ya mke. Shehe yeyote atakwambia. Elfu tano ya matumizi si hisani ya kutolewa hesabu hadi andazi.

Najua kuna msikilizaji amekwisha kushika simu atuandikie: mnavunja ndoa za watu. Mume kujua mkewe yuko wapi kuna ubaya gani? Na mke naye si humuuliza mumewe?

Hakuna ubaya. Watu waliooana huulizana, hununiana, hubana matumizi mwezi ukiwa mgumu, na daftari la hesabu ni jambo jema kwa wanaojenga. Wapo pia wanaume wanaotawaliwa na wake zao, nao wanastahili kipindi chao. Tofauti haionekani kwenye daftari. Inaonekana siku mmoja anaposema "hapana". Ndiyo maana swali ambalo ningependa shangazi yule aliweke mahali pa lile la kwanza ni hili: ukimkatalia jambo, kinatokea nini?

Katika ndoa ya kawaida jibu huja haraka, tena kwa kicheko: ananuna, kesho yake yamekwisha. Au tunagombana, halafu mmoja anakubali. Yule binti akiulizwa hivyo, atakaa kimya kwanza. Kisha, kama mko wawili tu, atakwambia huwa hakatai. Hajakataa kitu tangu mtoto azaliwe. Anapanga siku yake nzima kwa kukisia, kabla ya mume kurudi, nini kitamuudhi. Mwambie akuhadithie mara ya mwisho aliyojaribu. Utapata habari ambayo kwa swali la kipigo usingeipata hata mkikaa mwaka.

Muuguzi wa kliniki anaweza kuliuliza. Pengine ana nafasi kuliko sote, maana kliniki ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mama wa mtoto mchanga bado anaruhusiwa kwenda, tena kila mwezi, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mtoto ambaye uzito haupandi, mama ambaye maziwa yamekauka, halali, analia bila sababu; muuguzi mzoefu huwa ameona mambo hayo kabla ya ndugu. Inatosha amwite pembeni kwa kisingizio cha kadi.

Ama sisi ndugu, tunaharibu kwa haraka. Tukishaelewa, tunataka aondoke leo. Tunamwambia "usipomwacha usinipigie tena". Mume amekuwa akimwambia hana watu, nasi tumemthibitishia. Usifanye hivyo. Endelea kupiga simu, zungumza habari za kuku na mvua ukijua kuna sikio la tatu, mtembelee na mchele bila kungoja kualikwa, na umpende hata akikutetea mumewe mbele yako. Atamtetea mara nyingi. Na kuondoka kwenyewe kuna hatari yake. Mtu aliyezoea kutawala huenda akabadilika vibaya siku anapoona mamlaka yanamponyoka, hata kama hajawahi kuinua mkono. Kwa hiyo mipango iwe ya kimya, na aipange yeye.

Mambo machache ya kushika, kwa aliye tayari. Nakala za cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha taifa na kadi ya kliniki zikae kwa mtu nje ya nyumba. Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hawapokei wenye majeraha tu. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ukifika, uliza kwanza kama mnaweza kuzungumza faragha.

Na kama ni kufika hadi talaka, kwa kawaida safari inaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini yako. Wao huwaita wote wawili, hujaribu kupatanisha, na wakishindwa hutoa hati ya kuipeleka mahakamani. Pale nako utakuta wazee, nao watauliza lile lile: anakupiga? Usiwajibu "hapana" ukanyamaza. Wala usiseme "ananinyanyasa" ukakomea hapo, maana neno hilo kila mmoja mezani analijaza kwa maana yake. Wape mambo. Siku aliyochukua simu. Siku aliyomkataza mama yako kuja kwenye arobaini ya mtoto. Siku ngapi alikaa bila kukusemesha, na kwa kosa gani. Alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe, na nani alikuwepo. Jambo moja litaonekana dogo. Ishirini, kwa tarehe zake, baraza haliwezi kuyaita utoto.

Hayo yaandikwe mapema, jambo likiwa bichi. Ila usiyaandike kwenye simu ile, wala kwenye daftari la matumizi. Ukikutana na dada yako sokoni, msimulie, yeye akaandike kwake.